Waridi Lililonyamaza: Kisa cha Mwaridi Mmoja Katika Bustani Ndogo ya Mbele, Arusha

Mwezi Juni 2023 shangazi yangu, mwalimu mstaafu aliyezaliwa Tanga na kuishi Arusha tangu alipoolewa, aliniita nikamtazamie mwaridi wake. Nilipomwamkia aliitikia marahaba huku tayari ameshika ua moja lililochumwa asubuhi ile, akanisogezea puani kabla sijakaa. "Mwanangu, nusa," akasema. "Limenyamaza kabisa." Nilinusa, na kweli halikuwa na harufu ila ile ya jani bichi lililovunjwa. Lilikuwa waridi kubwa, lenye umbo zuri la kuchongoka katikati kama inavyotakiwa, lakini jeupe lililofifia, wakati mwaridi ule ulinunuliwa kwa sababu ya maua yake yenye moyo wa rangi ya maziwa na kingo nyekundu, na kwa sababu ya kunukia kwake. Nimeamua kukiandika kisa hiki kwa ukamilifu kwa kuwa chanzo chake kikubwa ni jambo ambalo miongozo mingi ya mawaridi haiwezi kumwambia mkulima wa Afrika Mashariki, maana imeandikwa kwa ajili ya nchi ambako jua halibadilishi upande.

Nyumba inatazama kaskazini. Mbele yake kuna bustani yenye upana wa mita sita na kina cha mita nne, iliyofungwa upande wa kaskazini na ukuta wa uzio wenye urefu wa mita 2.4, yaani futi nane, uliopakwa chokaa. Geti liko kwenye kona ya magharibi. Upande wa mashariki, ng'ambo ya ukuta, kuna mgrivea wa jirani. Na upande wa kusini ni baraza yenyewe, ambayo ukingo wa paa lake uko mita 2.7 kutoka ardhini. Mwaridi ulipandwa Januari 2022 chini ya ukuta wa kaskazini, nusu mita tu kutoka ukutani, ili usiibane njia ya kupita kutoka getini hadi barazani. Katika bustani ndogo kila mtu hufanya hivyo: mimea husukumwa pembeni, katikati huachiwa miguu ya watu.

Huo haukuwa mwaridi wa kwanza wa shangazi. Kabla yake alikuwa amechomeka vijiti vilivyotokana na mashada aliyoletewa wakati wa harusi ya binti yake, mawaridi mekundu ya aina zinazolimwa kwa ajili ya kusafirishwa nje katika mashamba yaliyo kati ya Arusha na Usa River. Vijiti vitatu vilishika, vikachanua, na havikunukia hata siku moja. Hapo hapakuwa na kosa la matunzo. Mawaridi ya kukatwa yamechaguliwa kwa vizazi vingi kwa ajili ya shina refu lililonyooka, petali ngumu zinazovumilia sanduku na ndege, na kudumu siku nyingi katika chombo cha maji, na katika kuchagua huko harufu iliachwa nyuma. Mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa walilinganisha Papa Meilland, waridi la rangi ya damu linalonukia sana, na Rouge Meilland, jekundu pia lakini lisilonukia, wakaonyesha kwamba kimeng'enya kiitwacho NUDX1 kinachohitajika ili petali zitengeneze geranioli, moja ya viini vikuu vya harufu ya waridi, hufanya kazi kwa nguvu katika lile la kwanza na karibu hakifanyi kazi katika la pili. Kwa mwaridi ambao umeme wa harufu umezimwa ndani ya asili yake, mbolea haitawasha chochote. Shangazi aling'oa ile mitatu, na alifanya vyema.

Alichonunua baadaye, kwa kuchagua kwa jina, ni Double Delight. Aina hii ni ya kundi la haibridi tii, yaani mseto wa mawaridi ya chai yenye asili ya China na mawaridi ya Ulaya yaliyokuwa imara zaidi. La France, lililotolewa na Guillot wa Lyon mwaka 1867, kwa kawaida ndilo linalohesabiwa kuwa la kwanza katika kundi hilo. Double Delight yenyewe ilizalishwa Marekani na Swim na Ellis na kutolewa mwaka 1977, wazazi wake wakiwa Granada na Garden Party, na mwaka 1985 iliingizwa katika orodha ya heshima ya shirikisho la dunia la vyama vya mawaridi. Hunukia kwa nguvu, harufu yenye ukali kidogo wa viungo. Nilimweleza shangazi, na nadhani ni vizuri kila mtu wa pwani aelezwe mapema, kwamba harufu hii si ile ya marashi ya mawaridi tuliyonyunyiziwa tukiwa watoto katika maulidi. Ile hutoka katika waridi la Damaski, ndugu wa lile ambalo maji yake huchemshwa na kukusanywa Jabal Akhdar huko Oman kila majira ya kuchipua. Anayepanda haibridi tii akitarajia mrashi wa bibi yake atahuzunika hata kama mmea umefanikiwa.

Historia ya mmea kwa miezi kumi na saba ilikuwa hivi. Ulipandwa Januari, wakati wa kiangazi, ukapata maji ya kutosha na kutoa maua manne mwezi Machi, yote yakiwa na kingo nyekundu na harufu iliyofika hadi barazani. Masika yalipoanza, majani ya chini yalipata madoa meusi, yakageuka manjano na kudondoka. Juni na Julai maua yalitoka machache, meupe, yasiyonukia. Septemba, kwa ushauri wa muuzaji wa miche, shangazi alianza kuweka urea, mbolea ya naitrojeni, kijiko kimoja kila baada ya wiki mbili, na kuanzia mwishoni mwa Oktoba maua yakaanza kurudisha rangi na harufu, hata kufikia Januari 2023 mwaridi ulikuwa umependeza kuliko mwaka uliotangulia. Shangazi akahitimisha, na ni nani asingehitimisha hivyo, kwamba urea ndiyo iliyouponya. Kwa hiyo masika yalipoleta tena madoa, na Mei ikaleta tena weupe, aliongeza urea, akafanya kila wiki. Juni nilipofika mmea ulikuwa na majani mapana laini ya kijani kibichi kwenye ncha, vidukari wamejaa katika machipukizi, shina tupu bila majani hadi usawa wa goti, na fito mbili nene zilizopanda haraka kutoka ardhini kupita mmea wote.

Siku ya kwanza sikufanya lolote ila kutazama na kuuliza. Nilichukua kijiti chenye urefu wa mita moja, nikakisimamisha wima katikati ya bustani, tukaanza kuweka alama za chokaa kwenye vigae vya njia kila saa kufuata ncha ya kivuli. Shangazi, ambaye alifundisha jiografia miaka mingi, alielewa ninachotafuta kabla sijamaliza kueleza. Saa sita na nusu mchana, ambao ndio wakati jua hufika juu kabisa Arusha kwa kuwa mji uko magharibi mwa mstari unaopimia saa zetu, kijiti cha mita moja kilitupa kivuli cha nusu mita, nacho kilielekea kusini, kwenye baraza. Kwa ukuta wa mita 2.4 hiyo ni sawa na kivuli cha mita 1.2 katika ile saa ambayo vivuli huwa vifupi kuliko saa zote. Saa mbili na nusu asubuhi kivuli cha ukuta kilikuwa kimeingia bustanini zaidi ya mita mbili. Mwaridi, ukiwa nusu mita kutoka ukutani na wenye kimo cha mita moja hivi, haukuguswa na jua siku nzima, kuanzia kuchomoza hadi kuchwa, na hapo sijauhesabu mgrivea wa jirani wala mawingu ambayo Mlima Meru hutuletea asubuhi za kipupwe.

Hapa ndipo kiini cha kisa kilipo. Arusha iko nyuzi tatu na ushei kusini mwa ikweta. Kuanzia takriban tarehe 12 Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana hupita upande wa kaskazini wa utosi wetu, na miezi iliyobaki hupita upande wa kusini. Ukuta ulio kaskazini mwa mmea ni rafiki yake Desemba na Januari, maana jua linatoka kusini na chokaa huurudishia mmea mwanga. Ukuta uleule ni pazia lake Mei, Juni na Julai. Shangazi alichagua mahali Januari, akiwa na jua tele usoni, na hakukosea kwa kile alichokiona. Mtu wa Ulaya anaambiwa apande mwaridi kwenye ukuta unaotazama kusini na ushauri huo humfaa mwaka mzima. Sisi ukuta huo hutufaa nusu ya mwaka. Kwa hesabu tuliyofanya pamoja kwenye daftari, tangu katikati ya Aprili hadi mwishoni mwa Agosti shina la mwaridi ule lilikuwa kivulini hata wakati wa jua la mchana, na kuanzia Mei hadi mwanzoni mwa Agosti kivuli kiliufunika mmea mpaka kileleni. Hiyo ni miezi ileile ya masika na kipupwe, ambayo unyevu ni mwingi na majani hukauka kwa taabu.

Na urea iliyoponya? Ilianza kuwekwa Septemba, wiki chache kabla jua halijavuka kurudi kusini. Ukuta uliacha kuufunika mwaridi, maua yakarudi, na sifa ikaenda kwa urea. Sina namna ya kumlaumu shangazi wala muuzaji kwa hilo. Mambo mawili yalitokea pamoja na moja tu ndilo lililoonekana kwa mkono. Ila ushahidi wa kutenganisha mambo hayo ulikuwepo ndani ya ua lenyewe. Wekundu wa Double Delight hutegemea mwanga, hasa ile mionzi ya urujuanimno iliyo katika jua kali, kiasi kwamba aina hii ikikuzwa mahali ambapo mionzi hiyo imezuiwa hubaki karibu nyeupe. Kwa maneno mengine, shangazi alikuwa amepanda, bila kujua, kipimo cha jua mbele ya nyumba yake. Mwaridi ulioshiba naitrojeni na kunyimwa mwanga utakuwa na majani mengi na maua meupe, na hivyo ndivyo ulivyokuwa. Iwapo njaa ya mbolea ndiyo ingekuwa chanzo, tungetarajia majani madogo yaliyopauka mmea mzima, jambo ambalo halikuwepo.

Kuhusu harufu kulikuwa na jambo la pili, na hili lilinigusa zaidi kwa sababu halikuwa la mmea bali la malezi. Nilimuuliza shangazi huwa anayanusa maua yake saa ngapi. Akasema jioni, baada ya magharibi, anapoketi barazani. Niliwaza mara moja asumini la nyumbani kwao Tanga, ambalo hufunguka jioni na kunukia usiku, na mlangilangi unaofanya vivyo hivyo, na vikuba vinavyosukwa alasiri ili vinukie wakati wa kulala. Mtu aliyekulia katikati ya maua hayo hujua kwa mwili wake kwamba ua hunukia giza linapoingia. Waridi la haibridi tii halina tabia hiyo. Harufu yake hutolewa zaidi mchana, petali zinapopata mwanga na joto kiasi, na huwa kali zaidi ua likiwa limefunguka nusu kuliko likiwa limekwisha tanda. Jioni ya Juni mjini Arusha, penye baridi ya kuvaa sweta, hata waridi lililostawi juani lingekuwa na kidogo cha kusema. Kuanzia siku ile tulikubaliana kwamba kila ua linuswe saa nne asubuhi, kabla upepo haujaanza, na matokeo yaandikwe katika daftari kwa maneno matatu tu: halinukii, linanukia kwa karibu, linanukia barazani.

Madoa meusi yalihitaji uchunguzi wake. Husababishwa na kuvu aitwaye Diplocarpon rosae, na jambo muhimu la kujua juu yake ni kwamba mbegu zake haziwezi kuingia katika jani isipokuwa jani limebaki na maji kwa saa saba hivi mfululizo. Shangazi alikuwa akimwagilia kwa mpira wa maji jioni, kutoka juu, akiyaosha majani ili yapendeze. Jani lililoloweshwa saa kumi na mbili jioni, chini ya ukuta usiopitisha upepo, halikauki hadi jua lifike, nalo jua halikuwa likifika. Zaidi ya hayo majani yaliyodondoka yaliachwa palepale yawe matandazo, na kwa nchi za baridi kosa hilo husamehewa kidogo kwa kuwa majira ya baridi huuvua mmea wote na kuvunja mzunguko, lakini kwetu mwaridi huwa na majani mwaka mzima na kuvu huwa na chakula mwaka mzima. Anayeishi ikweta hana budi kuwa yeye mwenyewe majira ya baridi ya mwaridi wake: auvue, aufagilie chini, auache upumzike.

Zile fito mbili nene zilimfurahisha shangazi sana, naye aliziona kuwa dalili ya afya. Nilifukua udongo taratibu kwa mikono hadi nikaliona fundo ambapo kikonyo cha Double Delight kilibebeshwa juu ya shina la aina nyingine, na fito zote mbili zilikuwa zikitoka chini ya fundo hilo. Zilikuwa mali ya mmea wa chini, ambao ungeendelea kula nguvu na hatimaye kumziba yule wa juu. Wengi hufundishwa kuhesabu vijani, kwamba jani lenye vijani saba ni la mmea wa chini na lenye vitano ni la mmea uliobebeshwa. Mimi siikubali kanuni hiyo, kwani haibridi tii nyingi hutoa vijani saba bila tatizo, na nimeona watu wakikata matawi mema kwa sababu yake. Njia ya kuaminika ni kufukua na kuona kwa macho. Fito hizo hazikatwi kwa mkasi usawa wa ardhi, kwa kuwa macho yaliyobaki chini yatachipua tena. Hushikwa karibu na shina na kunyofolewa kuelekea chini.

Kulikuwa pia na jambo la maji. Kisima kirefu cha mtaa hutoa maji yenye magadi, kama ilivyo sehemu nyingi za Arusha, na yameacha ukoko mweupe kwenye vigae. Majani machanga ya mwaridi yalikuwa na umanjano kati ya mishipa, ishara kwamba udongo umepoteza uchachu kidogo ambao mwaridi huupenda na mizizi inashindwa kuchukua chuma. Hili tulilirekebisha kwa mboji na kwa pipa la kukusanyia maji ya paa, na sitalizungumzia zaidi kwa sababu halikuwa chanzo cha weupe wala ukimya.

Uamuzi ulikuwa kuuhamisha. Shangazi alisita kwa siku kadhaa, na wasiwasi wake ulikuwa wa haki, kwa sababu mahali pekee palipofaa palikuwa karibu na katikati ya bustani na njia ya wageni ingelazimika kupindwa. Nilipendekeza mita 2.4 kutoka ukutani, ambapo kwa vipimo vyetu kivuli cha ukuta huondoka Juni kama saa mbili na nusu asubuhi, na ambapo Desemba kivuli cha paa la baraza, kinachoelekea upande wa pili, huondoka kabla ya saa nne. Hakuna mahali bustanini palipokuwa pazuri zaidi katika miezi yote. Mahali pengine palipendeza Januari pakafa Juni, na pengine ilikuwa kinyume chake. Katika eneo la mita nne ndani ya kuta mbili, mahali pa mwaridi hupatikana kwa kutafuta palipo na uvumilivu wa pande zote mbili za mwaka, na mara nyingi panakuwa palepale ambapo mtu alitaka kupita.

Tulihamisha katikati ya Julai, kwa kuwa hewa ilikuwa baridi na mmea usingepoteza maji mengi. Jioni iliyotangulia tulimwagilia kwa wingi. Asubuhi tuliupogoa mwaridi hadi matawi matatu yenye urefu wa sentimita 40, tukakata kila tawi juu ya jicho linalotazama nje, tukaondoa majani yote yaliyobaki na kuyachoma. Tulichimba kuuzunguka kwa umbali wa sentimita 25 kila upande, tukanyofoa zile fito mbili, tukauinua pamoja na udongo wake juu ya gunia na kuusogeza. Shimo jipya lilikuwa na kina na upana wa sentimita 60. Udongo wetu wa volkano una rutuba, hivyo tulichanganya debe moja tu la samadi ya ng'ombe iliyooza kabisa na debe moja la mboji, bila mbolea ya dukani. Fundo la kubebeshea tuliliacha juu kidogo ya uso wa udongo. Matandazo yakawa nyasi kavu, yakiwekwa mbali na shina kwa kiganja kimoja. Umwagiliaji ukahamia asubuhi, ndoo moja na nusu chini ya mmea mara mbili kwa wiki wakati wa kiangazi, na mpira wa maji ukapigwa marufuku. Vidukari walipojitokeza kwenye machipukizi mapya tuliwaosha kwa maji yenye sabuni kidogo, mara tatu, wakaisha.

Machipukizi yalianza wiki ya tatu. Maua ya kwanza yalifunguka katika wiki ya mwisho ya Septemba, yakiwa matatu, na daftari la shangazi lina maneno "linanukia kwa karibu" kwa yote matatu. Wekundu ulikuwepo kwenye kingo lakini haba. Kisha ikaja vuli ya 2023, ambayo wote tunaikumbuka kwa mvua za El Niño, na mwaridi ukapoteza karibu nusu ya majani yake kwa madoa meusi. Ningependa kuandika kwamba kubadili umwagiliaji kuliondoa ugonjwa, lakini vuli ile haikumruhusu mtu yeyote kusema hivyo. Mvua ilifanya usiku kucha kile ambacho mpira wa maji ulikuwa ukikifanya. Tulichoweza ni kuokota majani kila Jumamosi, kuondoa matawi yaliyosongamana katikati ili upepo upite, na kutokubali wasiwasi utufanye tuongeze mbolea. Januari na Februari 2024, baada ya kupogolewa kidogo, mwaridi ulitoa maua kwa mfululizo, na kwa mara ya kwanza daftari lina maneno "linanukia barazani" siku nne za wiki moja.

Lakini Januari haikuwa mtihani, maana hata mahali pa zamani Januari ilikuwa nzuri. Mtihani ulikuwa Juni. Tulipogoa mwishoni mwa Aprili, mvua za masika zikiwa bado nzito, ili maua yaangukie Juni kwa makusudi, kwani kutoka kupogolewa hadi kuchanua huchukua wiki sita hadi nane kulingana na baridi. Tarehe 19 Juni 2024 shangazi alinipigia simu saa nne na dakika chache asubuhi na kuniambia njoo. Maua mawili yalikuwa yamefunguka nusu. Kingo zilikuwa nyekundu, si wekundu ule wa kuiva wa Januari bali wa waridi-bichi, na moyo ulikuwa wa rangi ya maziwa. Mawingu ya Meru yalikuwepo kama mwaka uliotangulia, baridi ilikuwepo, urea haikuwa imewekwa tangu Juni ya mwaka uliopita. Nilinusa, nikampa, akanusa kwa muda mrefu. Daftarini akaandika "linanukia kwa karibu", kwa kuwa ni mtu mwaminifu, na mimi nilikubaliana naye: lilinukia vizuri ukilisogelea, halikufika barazani.

Je, inatosha kusema ukuta ndio uliokuwa chanzo? Kwa rangi, nasema ndiyo bila kusita, kwa sababu hali ya hewa ilikuwa ileile, mmea uleule, na kilichobadilika kwa uzito kilikuwa mwanga. Kwa harufu nasema ndiyo kwa kiasi, kwa kuwa tulibadilisha pia saa ya kunusa, na sehemu ya ukimya wa mwaka uliopita ulikuwa ukimya wa jioni. Kama ningerudia kazi hii ningeomba maua ya Juni 2023 yanuswe asubuhi kwa wiki mbili kabla ya kugusa jembe, ili mambo hayo mawili yatenganishwe kama ilivyopaswa. Haraka ya kutaka kumfurahisha shangazi ilinifanya nisifanye hivyo. Kwa upande wa madoa meusi, Juni ile majani yalifika hadi chini ya goti, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika msimu huo, lakini bado ni aina inayougua kirahisi, na anayetaka mmea usio na doa hata moja achague aina nyingine na akubali kupoteza kitu katika harufu.

Palepale ukutani ulipokuwa mwaridi shangazi alipanda masale, ambayo hayajali kivuli wala unyevu na yameshika vizuri. Njia ya wageni sasa inapinda kushoto kwa hatua mbili kabla ya kufika barazani, na hakuna aliyelalamika. Kilichobaki ni ule mgrivea wa mashariki. Mwaka 2023 kivuli chake kilikuwa kikiondoka kwenye mahali papya saa tatu kasorobo. Juni 2024 tuliweka alama saa tatu na robo, na mgrivea ni mti unaokua upesi. Shangazi ameshazungumza na mama wa nyumba ile, nao wamekubaliana kwamba matawi ya upande wetu yatakatwa mwezi Machi, kabla jua halijahamia kaskazini, na kuni ziwe za jirani.